Mji Mkongwe: nyumba ya kale ikarabatiwe vipi, na iongezwe kiasi gani?

Siku ya Krismasi ya mwaka 2020, sehemu kubwa ya mbele ya jumba la Beit al-Ajaib, Zanzibar, iliporomoka ikiwa katikati ya ukarabati uliogharamiwa na Oman. Watu wawili walifariki. Jumba hilo, lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, lilikuwa limeshapoteza kipande mwaka 2012, kwa hivyo hakuna aliyeweza kusema kwamba halikutoa dalili.

Ajali ile ilizidisha mkanganyiko ambao wakaazi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wameishi nao kwa miaka mingi. Ikiwa jumba la serikali, lenye wafadhili na wahandisi, linaweza kuanguka likiwa mikononi mwa mafundi, mrithi wa nyumba ya ghorofa mbili kule Kiponda au Malindi afanye nini na yake? Anaruhusiwa kuezua mabati na kumwaga zege? Anaweza kuongeza ghorofa kwa ajili ya kijana anayetaka kuoa? Na kwa nini yeye abanwe kwa dirisha moja la alumini wakati hoteli ya ufukweni imepata jengo zima jipya? Mamlaka ya hifadhi inamjibu kwa lugha ya sheria, kontrakta kwa lugha ya saruji, na mwekezaji kwa lugha ya vyumba na vitanda. Kila mmoja ana sehemu ya haki, na hakuna anayemweleza kwa nini majibu yao hayafanani.

Nyumba inavyosimama, na inavyokufa

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa ardhini, yakashikanishwa kwa udongo na chokaa. Kuta ni nene, nusu mita na zaidi, lakini unene huo unadanganya. Ndani yake mna mawe madogo na udongo ambavyo uhai wake ni plasta ya chokaa inayovikinga na mvua. Sakafu za juu zimelala juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ina urefu wake wa kawaida, vyumba vya kale ni virefu na vyembamba, upana wake kiasi cha mita 3 au pungufu. Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha hushindiliwa kokoto na chokaa mpaka sakafu inakuwa nzito kama ukuta uliolazwa.

Ukuta wa namna hii hunywa unyevu wakati wa masika na kuutoa taratibu jua likirudi. Mambo huharibika pale unyevu unapoingia bila kutoka. Ncha za boriti zilizofukiwa ukutani huoza mahali ambapo hapaonekani, na mchwa humalizia kazi. Hapo hatari huwa zaidi ya dari kubonyea. Sakafu ndiyo iliyokuwa ikizishika kuta mbili zisiachane. Ncha zikishaoza, ukuta hauna tena wa kuushika, na huanza kuvimba kuelekea mtaani.

Saruji, ambayo wengi huiona kuwa dawa, mara nyingi huongeza ugonjwa. Plasta yake ni ngumu kuliko ukuta unaoibeba, na inaziba. Maji yanayopanda kutoka ardhini au kuvuja kwenye bomba hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, na baada ya misimu michache plasta hubanduka pamoja na vipande vya jiwe. Zege lenye nondo lina balaa lake pia: mchanga wa chumvi na hewa ya bahari huzitia nondo kutu, zikavimba na kulipasua zege kutoka ndani.

Halafu kuna mabadiliko ya maisha yenyewe. Nyumba hizi zilijengwa wakati maji yalipandishwa ghorofani kwa mitungi na ndoo, na kila tone lilikuwa na thamani ya jasho. Leo kila familia inataka bafu lake, bomba lake na tangi lake juu ya paa. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani 5. Zege la unene wa sentimita 15 lina uzito wa karibu kilo 360 kwa kila mita ya mraba, kwa hivyo chumba kimoja cha mita 20 za mraba kikiwekewa dari la zege hukandamiza kuta za chini kwa zaidi ya tani 7, kabla hakijaingizwa kitanda.

Uzito na maji, basi, ndivyo vinavyoua nyumba za mawe. Kila msimamo katika mjadala huu unafaa kupimwa kwa jinsi unavyoyakabili mambo hayo mawili.

Mwenye nyumba ni nani?

Ufundi peke yake hauelezi kwa nini nyumba nyingi zilifikia hali mbaya kwa wakati mmoja. Baada ya Mapinduzi ya 1964, wamiliki wengi waliondoka au walinyang'anywa, na nyumba zao zikawa chini ya serikali. Jumba lililojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja likagawanywa kwa familia kadhaa, nyingi zikitoka mashamba na mitaa ya Ng'ambo. Kodi ilikuwa ndogo, na wajibu wa kuziba paa haukuwa wa mtu mahsusi. Wakati huohuo, nguvu za ujenzi za serikali zilielekezwa kwenye nyumba mpya, hasa majengo ya Michenzani.

Nyumba nyingine nyingi ni za wakfu, chini ya Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, na pango la wakfu mara nyingi halitoshi hata kununua mbao za paa moja. Nyingine ni za mirathi: warithi wapo Unguja, Muscat, Dubai na London, kila mmoja ana fungu lake, na hakuna anayetaka kutoa fedha kwa ajili ya fungu la mwenzake.

Katika hali hiyo ndipo ilipoanzishwa, mwaka 1985, Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Sheria yake ilitungwa 1994, na mpango kamili wa uhifadhi ukaandaliwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, chini ya msanifu Francesco Siravo. Mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, mwaka mmoja kabla ya mji wa Lamu nchini Kenya. Mfumo huu ulipanga majengo kwa madaraja na kulinda vitu vinavyoupa mji sura yake: milango ya kuchonga, roshani, baraza, urefu wa majengo.

Hapo ndipo penye kasoro ya kimsingi. Mlango ukibadilishwa, kila mpita njia anaona. Bomba likivuja ndani ya ukuta, haoni mtu. Udhibiti unaotegemea macho ya mkaguzi kwa kawaida huishia usoni mwa nyumba, ilhali maradhi yapo paani na ukutani.

Hoja ya kwanza: isiongezwe kitu

Wahifadhi wenye msimamo mkali wanasema nyumba iliyoorodheshwa irudishwe kama ilivyokuwa, kwa vifaa vilevile, na isiongezwe chochote. Wanajenga hoja yao juu ya Mkataba wa Venice wa 1964, unaotaka ukarabati ukome pale ambapo kubahatisha kunaanzia, na unaoruhusu nyongeza pale tu zisipoharibu sehemu muhimu za jengo na mazingira yake.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba inaona mbali. Ghorofa moja juu ya nyumba moja haiharibu mji. Ghorofa moja juu ya kila nyumba inaubadilisha kabisa, inaziba upepo wa vichochoro na kuzitwisha kuta mzigo ambao hazikujengewa. Mwombaji wa kwanza akikubaliwa, wa pili ana haki ya kuuliza kwa nini yeye akataliwe. Ipo pia mifano kwamba kazi ya namna hii inawezekana. Zahanati ya Kale pale Mizingani, iliyogharamiwa na mfanyabiashara Tharia Topan mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwa hoi kabla ya Mfuko wa Aga Khan kuikarabati kwa mbinu za asili na kuikamilisha 1996. Mafundi waliofunzwa katika miradi ile walirudisha ujuzi wa chokaa na wa kuchonga mbao ambao ulikuwa ukipotea. Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, nalo lilipata ukarabati mkubwa uliomalizika 2016.

Udhaifu wake wa kwanza ni mzito: mifano yote hiyo ilikuwa na mfadhili. Nyumba ya kawaida haina. Kumtaka mjane anayeishi kwenye nyumba ya wakfu atumie chokaa iliyolainishwa kwa miezi na boriti za ubora wa zamani, bila kumpa hata shilingi, ni kumpiga marufuku kukarabati kwa njia ya mzunguko.

Vifaa vyenyewe vina mgogoro. Mikoko ni mazalia ya samaki na ngao ya pwani, na misitu yake inalindwa. Kenya ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma mwezi Februari 2018, wakataji mikoko wa Lamu nao walisimamishwa hadi masharti yalipolegezwa kwao baadaye. Chokaa inahitaji tanuri, na tanuri linahitaji kuni nyingi. Kanuni inayodai boriti kwa kila sakafu inaidai kutoka kwenye msitu ambao kanuni nyingine inaulinda.

Tena marufuku isiyo na msaada ina tokeo baya zaidi. Mwenye nyumba anayekataliwa kibali anaweza kujenga usiku, au anaweza kukaa akingoja masika yamfanyie kazi. Kiwanja chenye kifusi hakina tena ukuta wa kuhifadhi.

Hoja ya pili: ilipe gharama zake yenyewe

Wanaotetea uwekezaji wanajibu kwamba tatizo ni fedha, na fedha zipo kwenye utalii. Katika miaka ya 1980 serikali ilianza kuuza na kukodisha nyumba kwa sharti la kuzikarabati, na hoteli zikafuata. Jengo la zamani la mawasiliano ya simu pale Shangani, pamoja na nyumba ya jirani walimokaa madaktari wa Kichina, viligeuzwa kuwa hoteli ya Serena mwaka 1997. Jumba la Tharia Topan kule Hurumzi lilipata maisha mapya kama nyumba ya wageni.

Hoja hii ina ukweli wa kibiashara. Hoteli haiwezi kuvumilia dari linalovuja, kwa sababu mgeni ataondoka kesho. Inaajiri fundi mwaka mzima, na kwa nyumba ya mawe matengenezo madogo ya kila mwaka yana thamani kuliko ukarabati mkubwa mmoja katika miaka 30.

Lakini matumizi ya hoteli ndiyo hasa yanayobeba hatari mbili zilizotajwa, maji na uzito. Kila chumba kinataka bafu, kwa hivyo mabomba hupenya kuta kila upande. Paa linataka mgahawa, jiko na matangi. Nyumba iliyojengewa maji ya ndoo hubebeshwa maji ya vyumba 12, na usalama wake hutegemea kabisa ubora wa fundi bomba.

Pale mwekezaji anapohitaji nafasi zaidi ya ile ambayo jengo la kale linaweza kutoa, mgogoro hutoka nje ya kuta. Mambo Msiige, jumba la katikati ya karne ya 19 lililoko Shangani, lilikarabatiwa na kuongezewa jengo jipya pembeni, na hoteli ikafunguliwa 2015. Waliounga mkono waliona jumba lililochoka likirudi kwenye uhai. Kamati ya Urithi wa Dunia, kwa upande wake, ilieleza wasiwasi mara kadhaa kuhusu ukubwa na urefu wa jengo jipya, na hadhi ya mji mzima ikaingia mashakani kwa sababu ya nyongeza moja.

Gharama nyingine haionekani kwenye ramani. Kule Lamu, kuanzia miaka ya 1990, wageni kutoka Ulaya na kwingineko walinunua nyumba za mawe na kuzikarabati, nyingine kwa uangalifu mkubwa na kwa kuwapa kazi mafundi wa hapo. Bei zikapanda. Familia zilizouza zilihamia mitaa mipya nje ya mji wa kale, na baadhi ya nyumba zilizopendeza kuliko zote zikawa zimefungwa sehemu kubwa ya mwaka. Nyumba ya kitropiki iliyofungwa huoza upesi, kwani hakuna anayefungua madirisha wala anayegundua mvujo siku unapoanza.

Hoja ya tatu: nyumba ni ya kuishi

Wakaazi wana hoja ambayo mipango mingi imeitaja kwa heshima na kuiweka kando: kwamba kuongeza ndiyo desturi. Katika Lamu mzazi alimjengea binti yake makazi juu ya nyumba ya familia au kando yake, na pale nafasi ilipokwisha, chumba kilirukishwa juu ya uchochoro kuunganisha nyumba mbili. Hiyo ndiyo wikio, ambayo leo watalii huipiga picha. Mji Mkongwe nao haukusimama mahali pamoja. Paa bapa za chokaa zilifunikwa kwa mabati, maduka yaliongezewa ghorofa, roshani zilitundikwa kwenye nyuso zilizokuwa tupu. Hata mnara wa saa wa Beit al-Ajaib haukuwemo katika jumba la 1883. Uliongezwa baada ya Waingereza kuipiga mizinga Zanzibar mwaka 1896.

Kihistoria, hoja hii ni vigumu kuipinga. Mji unaopigwa marufuku kukua unageuka makumbusho, na familia isiyopata chumba cha kijana wake huhamia Kiembesamaki, ikiacha nyumba kwa mpangaji asiye na sababu ya kuitunza.

Udhaifu wake upo kwenye vifaa. Babu aliongeza kwa mbao, mabati na chokaa. Mjukuu anaongeza kwa zege. Desturi ni ileile, lakini mzigo umebadilika. Pia kuta za Mji Mkongwe hazina mwenyewe mmoja: ukuta wa huyu ndio unaoegemewa na nyumba ya yule. Anayekata ukuta ili apate sebule pana anaweza kupata sebule yake salama, na mpasuko ukatokea kwa jirani. Haki ya kuongeza haiwezi kuwa ya mtu mmoja wakati hatari ni ya mtaa.

Funzo la Uingereza

Ugumu huu haupo Zanzibar pekee. Uingereza ina majengo yapatayo 400,000 katika orodha ya majengo yaliyolindwa, mengi yakiwa ya daraja la pili, zikiwemo nyumba ndogo za vijijini. Mwenye nyumba ya namna hiyo anahitaji kibali hata kwa mabadiliko ya ndani, na kuyafanya bila kibali ni kosa la jinai. Kwa udhibiti, mfumo huo ni mkali.

Kwa fedha, ulijipinga wenyewe. Hadi Oktoba 2012, mabadiliko yaliyopewa kibali kwenye nyumba zilizoorodheshwa yalisamehewa kodi ya ongezeko la thamani, ilhali matengenezo ya kawaida yalitozwa. Sheria moja ilisema tunza, na kodi ikasema badilisha. Msamaha ulipoondolewa, vyote viwili vikatozwa asilimia 20, na nyumba mpya zikaendelea kutotozwa. Kwa watunga sera wa Zanzibar na Lamu, funzo ni kwamba kanuni ya ujenzi haisomwi peke yake. Mwenye nyumba huisoma pamoja na bei ya kila anachoruhusiwa kufanya.

Kupima hoja

Hoja ya wahifadhi ina nguvu katika kuulinda mji kama kitu kimoja, na ni dhaifu kwa nyumba mojamoja isiyo na fedha. Hoja ya wawekezaji inaleta fedha, lakini inazielekeza kwenye matumizi yenye maji na uzito mwingi, tena katika mitaa ya ufukweni kuliko Kiponda au Malindi. Hoja ya wakaazi ina historia upande wake na inaweka mtu ndani ya nyumba kila usiku, jambo ambalo hakuna mfadhili anayeweza kulinunua, ila inahitaji kuokolewa na mazoea ya saruji.

Zikipimwa kwa uzito na maji, tofauti kati yao hupungua. Chumba cha mbao chepesi chenye paa la bati, kilichorudi nyuma ili kisionekane mtaani, kinaweza kuondolewa siku za usoni bila kuacha jeraha, na hubebwa na kuta bila shida iwapo boriti za chini zimekaguliwa. Dari la zege halina sifa hata moja kati ya hizo, hata likifichwa nyuma ya ukuta uliopakwa chokaa nyeupe. Mabafu yakipangwa safu moja juu ya jingine, kama vyoo vya kale vilivyopangwa, bomba moja linaloonekana nje ni salama kuliko matano yaliyofukiwa ukutani. Mbao za msumeno zilizotiwa dawa zinaweza kuchukua nafasi ya boriti pale zisipoonekana, na mikoko ikabaki kwa sehemu zenye thamani maalumu. Matangi yanaweza kushushwa chini.

Mpangilio huu una gharama zake. Wahifadhi wenye msimamo mkali watalazimika kukubali mbao mpya ndani ya nyumba za kale, na wawekezaji watakubali vyumba vichache. Mkaazi ataikosa sebule pana isiyo na nguzo aliyoiona kwenye nyumba mpya za Mbweni. Mamlaka nayo itabidi iajiri wahandisi na mafundi wa kuingia ndani na kugonga boriti, badala ya kutegemea wakaguzi wa milango na madirisha.

Kwa muhtasari

Nyumba za Mji Mkongwe zinaporomoka kwa sababu tatu zilizoungana: maji yanayoingia na kunaswa, uzito ulioongezwa juu ya boriti zilizooza, na umiliki usiompa mtu yeyote wajibu wa kutengeneza. Kukataza kila nyongeza hakugusi sababu ya tatu, na kuruhusu kila nyongeza kunazidisha mbili za mwanzo.

Njia inayosimama vizuri zaidi ni kuweka matengenezo kabla ya kibali cha nyongeza: paa, mabomba na ncha za boriti vikaguliwe na kurekebishwa kwanza, kisha nyongeza nyepesi inayoondoleka iruhusiwe kwa anayeishi ndani, na nyongeza nzito ikataliwe bila kujali mwombaji ni mrithi au hoteli. Kwa upande wa fedha, sehemu ya mapato ambayo utalii unayapata kutokana na sura ya mji inastahili kurudi kwenye paa za nyumba za wakfu na za mirathi, ambazo ndizo zinazoijenga sura hiyo na ndizo zenye uwezo mdogo wa kujitunza. Bila hatua hiyo ya mwisho, masharti mengine yote yatabaki kuwafaa wale waliokwisha kuwa na uwezo wa kuyatimiza.